Baruti ipi?

Juzi kijiweni Magomeni, kikombe cha pili cha kahawa hakijapoa, kijana mmoja jirani yangu akaleta habari. Marehemu babu yake alikuwa mwindaji, na katika kusafisha chumba wamekuta kopo la bati lililojaa unga wa chengachenga, karatasi yake imeshaliwa na mende. "Mzee, nasikia baruti haiozi. Kuna fundi ameniambia ataijazia kwenye maganda matupu ya risasi, tusitupe mali."

Nikamuuliza ni baruti gani.

"Kwani baruti si baruti tu, mzee?"

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko ninavyopenda. Niliwahi kutunza ghala la silaha la kampuni ya uwindaji, na nusu ya mabishano niliyoyakuta huko yalitokana na neno hili moja.

Maana yenyewe haina urefu. Baruti ni kitu kikavu chenye oksijeni yake ndani, kwa hiyo kikishika moto hakingoji hewa ya nje: kinaungua upesi na kutoa gesi nyingi, na gesi hiyo ndiyo inayosukuma risasi kwenye mtutu. Imekwisha. Kazi ipo kwenye jina.

Neno tumelipata kwa Waarabu, barud, na Waturuki nao husema barut. Lakini mwanzoni barud halikuwa jina la unga wa bunduki. Ibn al-Baitar, mtaalamu wa mimea na dawa aliyefariki Damascus mwaka 1248, analitumia kwa ile chumvi nyeupe inayochipuka kwenye mawe na kuta, na anasema Wamisri waliiita theluji ya China. Wazee wa pwani yetu waliiita chumvi hiyo shura, neno ambalo leo ukilitamka Kariakoo watu watadhani unaulizia kikao cha masheikh. Shura ukiisaga pamoja na makaa na salfa ndipo unapata ule unga wa gobore, na jina la kiungo kimoja likapanda juu likafunika mchanganyiko mzima.

Hiyo ndiyo tabia ya maneno ya silaha. Kiberiti kwa asili ni salfa yenyewe. Sisi tumeligeuza kuwa njiti, kisha na kisanduku chake. Risasi ni madini yale mazito ya kijivu wanayofungia nyavu wavuvi wa Feri. Likawa kipande kinachoruka, kisha tukalitupia kitu kizima pamoja na ganda lake na vyote vilivyomo. Fataki nalo lilikuwa jina la kile kikofia kidogo kinachogongwa ili kiwashe baruti, likahamia kwenye mapambo ya moto ya sikukuu, na tangu yale matangazo ya redioni limekuwa jina la mzee anayerubuni watoto wa shule. Sina ugomvi na safari za maneno. Ugomvi wangu ni pale neno linaposafiri na kanuni ya usalama ikabaki kituoni.

Maana "baruti haiozi" ni kweli, kwa baruti nyeusi. Ile ya shura, makaa na salfa ikikaa pakavu hudumu vizazi. Ina ubaya wake, inashika cheche kwa wepesi wa kutisha, lakini haiozi wala haijichomi yenyewe. Aliyeianzisha kauli hiyo alikuwa na gobore, na kwa gobore lake alisema sawa.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza kitu kingine kabisa, baruti isiyo moshi. Humo hamna makaa wala salfa. Ni nyuzinyuzi za mmea, kama pamba, zilizotiwa asidi ya nitriki, zikalainishwa na kukatwa vipande. Risasi za kisasa karibu zote hubeba hiyo. Na hiyo inaoza. Tangu siku inapotoka kiwandani inavunjika polepole na kutoa mvuke wa asidi, na asidi hiyo inaharakisha uvunjikaji. Viwanda huweka dawa ya kuinyonya, lakini dawa nayo ina mwisho, na joto huuharakisha mwisho huo. Hebu fikiria chumba cha bati Magomeni mwezi wa pili, miaka arobaini. Dawa ikiisha, unga unaanza kujipasha moto wenyewe. Wafaransa walilijua hilo kwa gharama: manowari mbili, Iéna mwaka 1907 na Liberté mwaka 1911, zililipuka zikiwa bandarini Toulon, na lawama ikaiangukia baruti iliyochakaa katika ghala zake.

Iliyooza mara nyingi hujitangaza. Nzima ina harufu kidogo ya spiriti au dawa ya kufutia rangi ya kucha. Mbovu inachoma pua kama maji ya betri, inaacha vumbi la rangi ya kutu, inagandamana, na bati lake huliwa kwa ndani. Lakini kutokuwepo kwa dalili hizo si cheti. Na usinielewe kwamba nakutuma ukanuse.

Tuseme basi haijaoza. Bado hujui ni ipi. Zipo za bastola zinazoungua haraka na za bunduki kubwa zinazoungua taratibu, na macho hayakusaidii: vijiti, vipele, vibati, kijivu, nyeusi, kijani, umbo moja linaweza kubeba kasi tofauti kabisa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Mmarekani Bruce Hodgdon wa Kansas aliwauzia wawindaji baruti iliyobaki jeshini, na nyingine ilijulikana kwa namba, 4831. Miaka mingi baadaye ikatoka ya kampuni nyingine yenye namba hiyohiyo, nayo inaungua upesi zaidi. Waliochukulia kwamba namba moja ni kipimo kimoja walikuwa wanacheza na mtutu ulio sentimita chache kutoka usoni. Hao walikuwa na karatasi ya jina mkononi. Jirani yangu karatasi yake iko tumboni mwa mende.

Ukiitia isiyo moshi kwenye gobore, kwa kipimo alichozoea babu, gobore linapasuka. Sijui niliseme kwa njia gani nyingine.

Kwa hiyo hakuna fundi wa kuibaini kwa kuitazama, na anayesema anaweza mkimbie. Baruti ambayo haiko kwenye kopo lake la asili lenye jina la uhakika haijazwi popote. Nilimwambia kijana aliache lilipo, asilifungue, asilitikise, asilipakie kwenye daladala kulipeleka kwa mtu, awaondoe watoto na jiko la mkaa karibu, apige 112. Silaha na risasi ziko chini ya sheria ya mwaka 2015 na polisi ndio wenye dhamana. Alinung'unika kuhusu mali ya urithi. Akapiga.

Halafu kuna baruti ya tatu, ambayo si baruti. Wapasua mawe Kunduchi husema baruti, samaki waliouawa kwa mlipuko huitwa wa baruti, hata serikalini kibali cha vilipuzi vya mgodini ni kibali cha baruti. Vitu hivyo haviungui kwa kusukuma, vinapasuka kwa wimbi linalokwenda maelfu ya mita kwa sekunde. Ukivitia kwenye bunduki huna bunduki tena. Kwa hivyo neno kilipuzi lipo, ni la Kiswahili, halina kosa lolote, tulitumie.

Bado nasikia watu wakisema "ile baruti ya Mbagala" wakikusudia ghala la silaha la jeshi lililolipuka tarehe 29 Aprili 2009, na wengine hivyohivyo kuhusu Gongo la Mboto, 16 Februari 2011. Kombora la mzinga lina baruti nyuma ya kulirusha na kilipuzi tumboni cha kulipasua, na vilivyorukia paa za watu siku hizo vilikuwa na tumbo. Wakazi wenyewe waliita mabomu, tangu siku ya kwanza, nao ndio waliopatia.