Kanuni za maadili zisizo na pa kupeleka malalamiko

Miradi mingi ya programu huria hunakili Contributor Covenant, kanuni alizoziandika Coraline Ada Ehmke mwaka 2014, kisha ikaishia hapo. Ndani ya nakala kuna nafasi ya kujaza anwani ya kupokelea malalamiko. Kaichungulie ya mradi wako: huenda mabano bado yapo, hayajajazwa. Mwanamke aliyedhalilishwa kwenye mapitio ya msimbo hana pa kubisha hodi.

Ukiijaza, usiweke anwani ya msimamizi mkuu peke yake. Mara nyingi mlalamikiwa ndiye fundi mwenye msimbo mwingi kuliko wote, na msimamizi anaogopa kumpoteza. Weka wapokeaji watatu, mwanamke akiwemo, na uandike kwamba anayetajwa kwenye lalamiko haketi kuliamua.

Woga huo una bei. Katika uchunguzi wa 2017 wa GitHub, tovuti ambako miradi mingi ya programu huria huhifadhiwa, wanawake walikuwa 3% tu ya waliojibu, na 21% ya waliotendewa au kushuhudia ubaya waliacha kuchangia mradi. Hawa huondoka bila kuaga, hivyo hakuna anayewahesabu. Na fundi akiondoka? Septemba 2018 Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliomba radhi kwa ukali wake, akakaa pembeni, na msimamizi mwenzake Greg Kroah-Hartman akalimalizia toleo la Linux 4.19. Sidhani maktaba yako ya msimbo wa kusoma tarehe ina mtu wa lazima kuliko huyo.

Pengo jingine ni inboksi. Toleo la 2.0 la Contributor Covenant linahusu maeneo ya jumuiya na pale mtu anapoiwakilisha rasmi. Anayemtongoza mchangiaji kwa ujumbe binafsi atadai yuko nje ya kanuni, kwa hiyo ongeza sentensi inayoutaja ujumbe huo.

Lalamiko likifika, piga picha ya skrini, hifadhi kiungo na tarehe kabla ya kuficha maoni, kwa sababu mwandishi anaweza kuyahariri. Usimwambie mlalamikaji “mzungumze wenyewe”. Toleo hilo lina ngazi nne: kusahihishwa, kuonywa, kufungiwa kwa muda, kufukuzwa. Si lazima uanzie ya kwanza. Tishio la ubakaji halisahihishwi.

Wakivamia kwa kundi, GitHub inakuruhusu kuwazuia watu wapya wasiandike kwenye mradi kwa muda wa kuanzia saa 24 hadi miezi 6. Washa kizuizi hicho kwanza, ndipo usome malalamiko.