Pongezi Huja Kwanza, Fedha Baadaye: Kukielewa Kikao cha Baraza la Mji

Ukumbi wa baraza la mji mdogo haujai mara nyingi, na ukijaa, aghalabu kuna anayepewa tuzo. Timu ya vijana imerudi na kombe. Mwuguzi anastaafu. Kikundi cha wakazi kimesafisha mto bila kulipwa. Meya anasoma maneno ya heshima, cheti kinakabidhiwa, picha zinapigwa, vigelegele vinasikika. Kisha mwenyekiti anaita ajenda inayofuata, na kabla hajaisoma hadi mwisho watu wameshaanza kutoka. Wanaobaki ni madiwani, watumishi wa halmashauri, pengine mwandishi wa habari mmoja, na mkandarasi ambaye zabuni yake inajadiliwa siku hiyo. Huyo wa mwisho habanduki.

Sisi tunaofundisha taratibu za serikali za mitaa huulizwa mara kwa mara kama hiyo sehemu ya pongezi ina maana yoyote au ni mapambo tu. Ina maana, tena kuliko wengi wanavyodhani, mradi tuzo zitolewe kwa utaratibu unaojulikana na raia aliyekuja kupiga makofi ajue kwamba kikao chenyewe ndiyo kwanza kimeanza.

Pongezi huwekwa mwanzoni kwa sababu ya kawaida kabisa: adabu. Si vizuri kumkalisha mtoto wa shule kwa muda wa saa tatu akisikiliza mjadala wa mitaro ya maji ya mvua ili apewe cheti saa nne usiku. Yapo mabaraza yaliyoamua kuzitenga kabisa tuzo na kuzifanyia hafla yake. Binafsi sipendi sana mpango huo. Kwa wakazi wengi, siku ya kumshangilia jirani ndiyo siku ya kwanza kuingia katika ukumbi ambamo kodi yao inagawanywa, na kuwapeleka kwenye hafla nyingine ni kuwafungia mlango huo. Afadhali pongezi zibaki kikaoni, ziwe fupi, na mara tu zinapoisha ifuate ajenda inayogusa watu wengi zaidi, badala ya taarifa ndefu ya idara ambayo ingeweza kusomwa na kila mtu nyumbani kwake.

Linalowachanganya watu zaidi ni uzito wa kile kinachosomwa. Meya anaposoma tamko kwamba wiki hii ni wiki ya usomaji, hajatunga sheria. Tamko la namna hiyo mara nyingi hutolewa na ofisi ya meya bila kura ya madiwani, halimlazimu mtu yeyote kufanya lolote, na haliongezi hata kitabu kimoja kwenye maktaba ya mji. Azimio ni kitu kingine. Hilo hutolewa kama hoja, huungwa mkono, hujadiliwa na kupigiwa kura, na huwa ndiyo msimamo rasmi wa baraza au maelekezo kwa watendaji wake. Sheria ndogo inazidi yote mawili: inaweza kumtoza mtu faini, na ndiyo maana inadai taarifa kwa umma, kusomwa kwa utaratibu maalumu, na katika nchi nyingi idhini ya mamlaka ya juu kabla ya kutangazwa. Ukisikia “baraza limepitisha”, uliza kwanza limepitisha nini kati ya hayo matatu. Nimewaona wakazi wakirudi nyumbani wakiamini barabara yao itajengwa, kumbe kilichosomwa ni salamu za pongezi kwa kamati ya barabara.

Hata hivyo tamko lisilo na nguvu ya sheria laweza kuwa na nguvu nyingine. Mwaka 1981 baraza la jiji la Glasgow, Scotland, lilimpa Nelson Mandela uhuru wa jiji, heshima ya juu kabisa ambayo jiji linaweza kumpa mtu, wakati yeye mwenyewe bado ni mfungwa katika kisiwa cha Robben. Glasgow haikuwa na uwezo wowote wa kumfungua. Mwaka 1986 ikaendelea: uwanja wa katikati ya jiji ulioitwa St George’s Place, ambako ubalozi mdogo wa Afrika Kusini ulikuwa na ofisi, ukapewa jina la Mandela, kwa hiyo kila barua iliyopelekwa kwenye ofisi ile ilipaswa kuandikwa jina la mtu ambaye serikali ya ubalozi huo ilimfunga. Mandela alifika Glasgow mwenyewe mwaka 1993 kushukuru. Baraza la mji, lisilo na jeshi wala wizara ya mambo ya nje, lilisema jambo likasikika mbali.

Kwa sababu heshima hizi zinaweza kufika mbali hivyo, wenye busara waliziwekea kingo. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972 inayotumika England na Wales inataka heshima kama hiyo ya uhuru wa jiji ipitishwe na angalau theluthi mbili ya madiwani wanaopiga kura, katika kikao kilichoitishwa mahsusi kwa jambo hilo. Kanuni hiyo inaonekana ngumu mpaka ukumbuke yanayotokea pasipo kanuni. Mwaka 1980 ufunguo wa heshima wa jiji la Detroit, Marekani, ulikabidhiwa kwa Saddam Hussein kwa sababu alikuwa ametoa msaada kwa kanisa moja la jiji hilo. Na hata penye utaratibu mzuri, muda hubadili mambo: Novemba 2017 baraza la jiji la Oxford lilimvua Aung San Suu Kyi, kiongozi wa Myanmar wakati huo, uhuru wa jiji kwa jinsi alivyonyamazia mateso ya Warohingya, Waislamu wachache wa nchi hiyo. Kumvua mtu heshima ni aibu kwa pande zote mbili, na huchukua muda mwingi wa kikao kuliko ule uliotumika kumvisha.

Mfano ninaoupenda zaidi darasani, lakini, ni wa bendera. Kati ya mwaka 2005 na 2017 jiji la Boston liliruhusu vikundi mbalimbali kupandisha bendera mbele ya ukumbi wa jiji katika sherehe 284, bila kukataa ombi hata moja. Mwaka 2017 likakataa ombi la kikundi kilichotaka kupandisha bendera ya Kikristo. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Mei 2022 majaji wote 9 wakakubaliana kwamba jiji limevunja haki ya mwombaji. Jiji lilidai kwamba bendera zile ni sauti yake lenyewe, na mtu hawezi kulazimishwa kusema asichotaka. Majaji wakauliza: kama ni sauti yako, mbona hukuwa na sera yoyote iliyoandikwa, wala hukuwahi kuchuja bendera? Aliyefungulia kila mtu mlango hawezi kumzuia mmoja kwa sababu ya dini yake. Boston ni jiji kubwa lenye mawakili wa kuajiriwa. Mji mdogo wenye mwanasheria mmoja wa muda ungeumia zaidi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza katibu wa baraza ni kama kuna waraka unaoeleza nani anaweza kupendekeza jina, mapendekezo yafike lini, nani anayapitia, na diwani mwenye undugu au biashara na mpendekezwa afanye nini. Diwani huyo anapaswa kutangaza maslahi yake na kukaa pembeni, kama ambavyo angefanya kwenye zabuni. Waraka mzuri pia unagusa kipindi cha uchaguzi. Kumkabidhi cheti mgombea wiki mbili kabla ya kura, kwa fedha za mji na mbele ya kamera za mji, ni kampeni hata kama kila neno la cheti ni kweli.

Ukitaka kupendekeza mtu, andika alichofanya. Wanaopitia mapendekezo wamechoka na “mchapakazi, mwadilifu na mwenye upendo”, maana karibu kila fomu inasema hivyo. Fomu inayosema mama huyu amekuwa akiwavusha watoto barabara kila asubuhi tangu taa za pale zilipoharibika haihitaji sifa nyingine. Tena imewakumbusha madiwani kwamba taa bado ni mbovu. Pongezi nyingi, ukizisoma vizuri, zinaeleza pengo ambalo mji ulipaswa kuliziba wenyewe. Diwani makini huondoka nazo kama orodha ya kazi. Na kabla ya kutuma, mwulize mhusika. Si kila mtu anapenda kusimamishwa mbele ya watu na jina lake kubaki kwenye kumbukumbu za umma.

Ipo pia sura ya pili ya pongezi ambayo haizungumzwi sana: baraza likiweza kusifu, laweza kukemea. Azimio la kumkemea mjumbe halimwondoi kwenye kiti. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema, katika kesi ya mjumbe wa bodi ya vyuo vya jamii vya Houston, kwamba kukemewa kwa maneno na wenzake hakukuvunja uhuru wake wa kusema. Wanasiasa hutarajiwa kuvumilia maneno.

Turudi ukumbini, sasa viti vingi vikiwa vitupu.

Kikao halali kinahitaji akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaopaswa kuwepo, na akidi si ile ile kila mahali. Mabaraza makuu ya England yanahitaji robo tu ya wajumbe wote. Kanuni za Robert, kitabu cha taratibu za kuendesha mikutano kilichotungwa na mhandisi wa jeshi la Marekani Henry Martyn Robert na kuchapishwa mwaka 1876, huchukulia zaidi ya nusu ya wajumbe pale ambapo chombo hakijajiwekea kiwango kingine. Hesabu vichwa. Madiwani nao wanaweza kuondoka baada ya picha.

Baada ya kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita na kupitia yatokanayo, mabaraza mengi yana fungu la mambo yanayohesabiwa kuwa hayana ubishi, yanayopitishwa kwa kura moja bila mjadala: orodha ya malipo, mikataba midogo, vibali, uteuzi wa wajumbe wa kamati. Utaratibu huo unaokoa muda, na siupingi. Lakini ndani ya fungu hilo unaweza kukuta mkataba wa miaka mitano umekaa kimya kati ya malipo ya umeme na ununuzi wa karatasi. Ukiliona jambo kama hilo kwenye ajenda, huna haja ya kusubiri kikao. Mpigie diwani wako siku moja kabla na umwombe alitoe kwenye fungu lijadiliwe peke yake. Katika mabaraza mengi ombi la diwani mmoja linatosha.

Ndiyo maana ajenda kutangazwa mapema ni haki yenye thamani kubwa. Jimbo la California lina sheria ya mikutano ya wazi ya mwaka 1953, maarufu kama sheria ya Brown, inayotaka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla, na ya kikao maalumu saa 24. Uingereza ilipata sheria ya kuwaruhusu wananchi na waandishi kuingia kwenye vikao mwaka 1960. Aliyewasilisha muswada ule alikuwa mbunge mpya aitwaye Margaret Thatcher, na ndiyo ilikuwa hotuba yake ya kwanza bungeni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 196, inayataka mabunge ya kaunti kufanya vikao vyao na vya kamati zao hadharani, na hayawezi kuwatoa wananchi au vyombo vya habari isipokuwa spika aone sababu za msingi katika hali ya kipekee.

Hali za kipekee zipo kweli. Nidhamu ya mtumishi, ushauri wa wakili kwenye kesi inayoendelea, bei ambayo mji uko tayari kununulia kiwanja: haya hujadiliwa faraghani bila kosa lolote. Kinachotakiwa ni mwenyekiti ataje sababu kabla ya kufunga mlango, na uamuzi uliofikiwa uingizwe kwenye kumbukumbu. “Masuala ya kiutawala” si sababu.

Muda wa wananchi kusema, pale unapokuwepo, huwa mfupi. Kwa Marekani dakika tatu kwa kila mtu ni kawaida. Zitumie kutaja namba ya ajenda, unachoomba kifanyike, na sababu moja yenye uzito. Shukrani na historia ya familia zitazimaliza kabla hujafika kwenye ombi. Usiudhike madiwani wasipokujibu. Jambo lako likiwa halimo kwenye ajenda, sheria kama ile ya California inawazuia kulijadili siku hiyo zaidi ya maelezo mafupi, kwa sababu wakazi wengine wenye maoni tofauti hawakupewa taarifa kwamba litazungumzwa.

Kwa hoja hiyo hiyo, kaa macho wakati wa mengineyo. Fungu hilo la mwisho lipo kwa ajili ya matangazo na taarifa fupi, lakini ndipo hoja isiyopata nafasi kwenye ajenda hujaribu kupenya, saa ambayo kila mtu anakusanya makaratasi. Ukisikia fedha zikiidhinishwa hapo, andika maneno yaliyotumika, nani alitoa hoja na nani aliiunga mkono, kisha mwombe katibu kwa maandishi rasimu ya kumbukumbu za siku hiyo. Omba mapema, kabla ya kikao kijacho, maana humo ndimo zitathibitishwa, na zikishathibitishwa kuzirekebisha ni kazi ngumu zaidi.