Seli Inayong'aa Sana Si Lazima Iwe na Volti Kubwa

Juma lililopita nilisikia tena maneno yaleyale. Mwanafunzi wa uzamivu alikuwa mbele ya hadubini, taa za chumba zimezimwa, na kwenye skrini kuna seli mbili za neva za panya alizozikuza mwenyewe na kuzitia jeni ya kihisi cha ASAP, yaani protini inayong'aa kijani ambayo mng'ao wake hubadilika volti ya utando wa seli inapobadilika. Moja ilikuwa inawaka kijani kweli, jirani yake imefifia hata ukingo hauonekani. "Mwalimu, hii ina volti kubwa kuliko hiyo nyingine." Sikubishana naye. Nilimwambia adondoshe kloridi ya potasiamu kwenye sahani. Volti ya utando ikapanda kutoka milivolti -70 hivi (-70 mV) za mapumziko kuelekea sifuri, na seli zote mbili zikazidi kufifia. Akakodoa macho. Volti imepanda, mwanga umeshuka.

Katika yote ninayoyasikia chumbani humo, dhana hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inaharibu kazi ya miezi huku picha zikibaki za kupendeza. Basi tuichambue.

Utando wa seli una unene wa nanomita 5 hivi. Milivolti 70 zikikaa juu ya unene huo, nguvu ya uga wa umeme inapita volti milioni 10 kwa mita. Uga huo ndio unaoisukuma sehemu yenye chaji ndani ya protini ya kihisi. Katika ASAP1, iliyotoka mwaka 2014, sehemu hiyo ilichukuliwa kutoka protini ya kuku, na protini ya kijani ikapachikwa kwenye kitanzi chake cha nje. Sehemu yenye chaji ikisogea, protini ya kijani inapindwa kidogo na mng'ao wake unabadilika. Unabadilika kuelekea upande gani? Hapo inategemea kihisi. ASAP1 na kihisi kingine kiitwacho ArcLight hufifia volti inapopanda. Vihisi vilivyotokana na protini iitwayo Arch, kwa mfano QuasAr, hung'aa zaidi. Asiyejua kihisi chake kinaelekea wapi hana cha kusoma kwenye skrini.

Hata ukishajua upande, mng'ao wa seli moja hauwezi kulinganishwa hivihivi na wa seli nyingine. Seli iliyopokea nakala nyingi za plasmidi, yaani kipande cha DNA kinachobeba jeni ya kihisi, hutengeneza protini nyingi na kuwaka sana, volti haijahusika. Halafu kuna protini inayokwama ndani ya seli bila kufika kwenye utando. Hiyo inang'aa kama kawaida lakini haihisi chochote. Tuseme kihisi kinabadilika kwa 20% kwenye utando, na nusu ya mwanga unaouona unatoka kwenye protini iliyokwama: kamera itakuonyesha 10% tu. Kwa hiyo seli inayowaka kuliko zote huenda ndiyo mbaya kuliko zote kwa kipimo. Mimi, kabla ya kuwasha kamera ya kasi, hutafuta pete: ukingo mwembamba unaong'aa, tumbo la seli likiwa na giza. Pasipo pete, sipotezi fotoni, yaani chembe za mwanga, hapo.

Kinachopimwa ni badiliko la mng'ao likigawanywa kwa mng'ao wa mwanzo wa seli ileile. Na hata badiliko hilo usiligeuze kuwa milivolti kwa kunakili namba ya mtu mwingine. ArcLight, ya mwaka 2012, hufifia kwa takriban 35% volti ikipanda kwa 100 mV, lakini namba hiyo ilipatikana kwenye seli za HEK293, ambazo ni seli za figo za binadamu zinazokuzwa maabara, zilizoshikiliwa kwenye volti moja kwa muda wa kutosha. Msukumo wa neva huisha ndani ya milisekunde 1 au 2, wakati ArcLight inahitaji kama milisekunde 10 kujibu vizuri. Ukichukua ile 35% ukaipeleka kwenye msukumo wa neva, umejidanganya.

Dhana nyingine nitazipitia haraka.

"Kalsiamu inatosha." GCaMP, kihisi cha kalsiamu ambacho wengi hukitumia badala ya kihisi cha volti, ni kizuri sana, lakini kwenye seli ya neva kalsiamu hupanda baada ya msukumo na hukawia kushuka. Seli ikizuiwa, volti ikashuka chini ya ile ya mapumziko, kihisi cha kalsiamu kwa kawaida hakikuambii lolote.

"Kihisi kinatazama tu, hakigusi seli." Arch ya asili, inayotoka kwa kiumbe wa Bahari ya Chumvi, Halorubrum sodomense, ni pampu ya protoni inayoendeshwa na mwanga. Ukiimulika ili upime volti, yenyewe inaibadilisha volti. Ndiyo maana QuasAr ya mwaka 2014 ilibuniwa bila pampu hiyo. Na kihisi chochote kikijazwa kupita kiasi huulemea utando. ArcLight nayo huhisi asidi, kwa hiyo pima pia seli zenye protini ya kijani ya kawaida kwenye utando. Hiki ndicho kipimo watu wanachokiruka kuliko vyote, nami sichoki kukidai.

"Niongeze leza, data itakuwa safi." Kwa picha 1,000 kwa sekunde, fotoni 10,000 kwa picha hukupa kelele ya 1%, fotoni 100 hukupa 10%. Ukiongeza leza mara mbili, usafi unaongezeka mara 1.4 tu, ilhali protini inaungua, yaani inapoteza mng'ao wake, angalau mara mbili ya kasi ya awali. Kuza vizuri seli zako kwanza.

"Elektrodi zimepitwa na wakati." Hapana, jamani. Pipeti ya kioo inayonata kwenye utando, mbinu ya Neher na Sakmann ya mwaka 1976, ndiyo inayokuambia mng'ao wako una maana gani kwa milivolti. Seli 5 zinatosha kuanzia, kwenye aina ileile ya seli unazozitumia: zishikilie -70 mV, zipandishe hatua kwa hatua hadi +30 mV, chora mchoro wako mwenyewe. Ufunguo wa chumba cha elektrodi uko kwangu. Njoo asubuhi, kabla seli hazijachoka.