Je, wajua? Tanuru lisilozimika nalo hupoteza muda

Kwa Kijapani, ubadhirifu kiwandani huitwa "muda". Neno hilo halina udugu na muda wetu, ni sadfa tu, lakini kwa viwanda vya chuma cha pua sadfa hiyo imepiga penyewe.

Taiichi Ohno wa Toyota alitaja aina 7 za ubadhirifu huo, kusubiri na kulimbikiza vikiwamo. Alikuwa akiwaza magari. Je, mbinu zake zina kazi gani penye tanuru linaloweza kudumu miaka 15 na zaidi kabla ya kujengwa upya? Zamani ningejibu: hazina. Mfanyakazi wa Toyota akiona kasoro huvuta kamba, mstari ukasimama; uji wa chuma ukiusimamisha unaganda. Tena, nilijiambia, kinachotiririka usiku na mchana kinasubiri nini?

Kosa langu lilikuwa kutazama tanuru badala ya chuma chenyewe. Chuma hutiririka mpaka kigande tu. Kikishakuwa bamba, hurundikwa uwanjani, na huenda kikalala hapo siku kadhaa, pengine wiki, kikingoja zamu ya kupita kwenye rola zinazokikandamiza. Tanuru halipumziki, bamba linapumzika sana. Nilikuwa kama mtu aonaye bomba halikauki, akadhani maji yote yanatumika, kumbe mapipa yamejaa uani.

Mapipa hujazwa na nini? Kwanza, mteja anataka tani 20 za aina fulani, na mchemsho mmoja wa kiwanda kikubwa hutoa tani 200 hadi 300. Hilo halina ujanja mwingi. La pili ndilo tamu. Kingo za bamba huichimba rola kidogo kidogo, upande huu na ule. Chukua mti wa kusukumia unga wenye mikwaruzo miwili: donge jembamba litapita katikati yake likiwa safi, pana litatoka na mistari. Kwa hiyo yaliyo mapana hutangulia, membamba hufuata, mpaka rola zibadilishwe. Bamba jembamba likifika mapema, lisubiri.

Hapo ndipo Shigeo Shingo, mhandisi wa viwanda wa Kijapani, anapoingia: yote yanayoweza kuandaliwa mashine ikiwa inazunguka, yaandaliwe kabla haijasimama. Rola zikibadilishwa upesi, zinaweza kubadilishwa mara nyingi zaidi, na foleni ikafupika.

Ifupike kiasi gani? Watafiti Abdulmalek na Rajgopal walilipima jambo hili kwenye kiwanda cha chuma mwaka 2007, ila sehemu kubwa ya faida waliyoonyesha ilitoka kwenye kiwanda cha kuigizwa na kompyuta, ambacho kreni yake haiharibiki bila ruhusa.

Joto, hata hivyo, halihitaji kuigizwa. Bamba lililolala uwanjani limepoa, na kabla ya rola lazima lipashwe tena hadi karibu nyuzi 1200. Lililowahi likiwa bado jekundu hudai mafuta pungufu.