Utando wa nukta za kwanta katika taa nyeupe za LED

Taa nyeupe ya LED, ukiifungua, ni ya buluu. Chipu yake hutoa mwanga wa buluu wa nanomita 450 hivi, na unga wa manjano uliopakwa juu yake hugeuza sehemu ya mwanga huo. Buluu na manjano zikifika jichoni pamoja, tunaona weupe. Ila wekundu ni haba: kitambaa chekundu chini ya taa ya namna hiyo huonekana kimepauka.

Hapo ndipo zinapoingia nukta za kwanta, fuwele za semikondakta (kipitishi nusu cha umeme) zenye upana wa nanomita 2 hadi 10. Humeza mwanga wa buluu na kutoa wa rangi nyingine, kama wekundu unaokosekana. Rangi yake hufuata ukubwa. Nukta ya kadmiamu selenaidi, mojawapo ya semikondakta hizo, ikiwa ya nanomita 2 hung'aa buluu. Ile ile ikifika 6, nyekundu. Ugunduzi na utengenezaji wa nukta hizi ndio uliowapa wanasayansi Bawendi, Brus na Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023.

Kwenye taa, nukta hizi huchanganywa na plastiki na kutandazwa kuwa utando mwembamba. Na hapa ndipo kazi ilipo. Kwenye kimiminika zinang'aa vizuri mno. Zikikaushwa, nyingi hufifia. Zinagandamana, na zikikaribiana sana, nukta ndogo humpa jirani yake mkubwa nishati badala ya kuitoa kama mwanga. Oksijeni na unyevu navyo hupenya na kuzichakaza, na joto la chipu huharakisha uharibifu.

Kwa hiyo kuboresha utando ni, kwanza, kuzitenganisha nukta na kuzihifadhi. Kila nukta huvikwa ganda la zinki salfaidi, na molekuli zinazoizunguka huchaguliwa zipatane na plastiki, la sivyo utando unatoka na mabaka. Utando wenyewe hufunikwa pande zote mbili kwa tabaka zinazozuia hewa, na mara nyingi huwekwa mbali kidogo na chipu.

Mbinu ninayoipenda zaidi ni kutia chembe za titani dioksidi. Hizi hazing'ai; kazi yake ni kuutawanya mwanga. Buluu inadundadunda ndani ya utando na kukutana na nukta nyingi zaidi kabla ya kutoka, hivyo nukta chache zinatosha. Ukizidisha chembe, mwanga unarudi kwenye chipu na kupotea.

Umoja wa Ulaya unabana matumizi ya kadmiamu, metali yenye sumu, kwenye vifaa vya umeme, ndiyo maana wengi wamehamia indiamu fosfaidi, semikondakta isiyo na kadmiamu. Nayo huoksidika upesi, kwa hiyo ganda lake linahitaji uangalifu zaidi.