Kutoa Kontena Bandari ya Dar es Salaam: Kazi Inaanza Meli Ikiwa Baharini

Mama mmoja mwenye duka la vyombo Kariakoo alikuja dirishani kwetu, ofisi ya forodha, na bahasha ya kaki na hasira za siku tano. Kontena lake la futi 40 limeshashushwa, hela ya kodi anayo, ila wakala wake wa forodha kila akimpigia jibu ni "bado mfumo". Nikamwomba karatasi zake tatu: ankara ya muuzaji, orodha ya vifungashio na hati ya shehena, ile ambayo mawakala wote wanaiita BL. Ankara ilisema katoni 421. Orodha ya vifungashio, 421. BL ikasema 412. Mtu fulani kwenye bandari ya kupakia aligeuza tarakimu mbili, basi.

Kwetu sisi wa forodha, hapo kuna katoni tisa zisizo na maelezo. Huenda ni kosa la kuandika, huenda kuna kitu kimechomekwa, karatasi haisemi. Mzigo ukaelekezwa kwenye ukaguzi wa macho, kontena likafunguliwa, vibarua wakashusha na kuhesabu mpaka wakapata 421. Bado wakala wa meli akatakiwa aombe marekebisho ya manifesti, yaani orodha ya mizigo yote ya meli, na ombi hilo nalo lina foleni yake. Mpaka lori linatoka getini zilikuwa zimekatika siku 11. Katoni zile tisa za sahani za melamini zingetupwa baharini zote, hasara yake isingefikia alichodaiwa kwa siku hizo.

Ndiyo maana nikipewa dakika kumi tu na mwagizaji, zote nazimalizia kwenye rasimu ya BL. Kabla hati haijatolewa rasmi, muuzaji anaweza kukutumia rasimu uipitie. Iombe. Angalia jina lako limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye TIN, namba yako ya mlipakodi, idadi ya vifungashio, uzito kwa kilo, na namba ya kontena, ambayo ni herufi nne na tarakimu saba. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, kwa hiyo namba iliyokosewa aghalabu hujifichua yenyewe. Kosa ukiliona wakati huo linarekebishwa kwa ujumbe mmoja wa simu. Ukiliona Dar, ni barua, ada na foleni.

Wengi wanasubiri wasikie meli imetia nanga ndipo watafute wakala. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kadhia, yaani tamko la mzigo wako kwa forodha, kuwasilishwa kabla meli haijafika. Mzigo wa China unakaa baharini wiki kadhaa. Hizo ndizo siku zako za bure, na watu wanazitumia kulala.

Kwenye ankara, jambo linalotusumbua zaidi ni maelezo ya bidhaa. Ukikuta mtu ameandika "vifaa mbalimbali", jua kontena hilo litafunguliwa. Kila bidhaa ina msimbo wake wa ushuru: tarakimu sita za kwanza ni za dunia nzima, Jumuiya yetu imeongeza zikawa nane. Chukua viatu. Vina sura yao, ya 64, lakini humo ndani tunauliza soli ni ya nini, na sehemu ya juu ni ngozi, mpira au kitambaa. Aliyeandika "viatu, jozi 2,000" hajatuambia kitu. Kama bidhaa yako ina utata, omba uamuzi wa awali wa forodha kuhusu msimbo kabla hujaagiza. Huduma hiyo ipo kisheria, na wanaoitumia ni wachache ajabu.

Msimbo ndio unaoamua kiwango. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Malighafi na mitambo kwa kawaida ni 0. Ngazi ya 35 ilianza Julai 2022 na ndimo zilimo fanicha, nguo na vigae, ingawa kila mwaka mpya wa fedha Gazeti la Jumuiya hutoka na mabadiliko ya nchi moja moja. Usitegemee kiwango alicholipa jirani yako mwaka jana.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Bidhaa umenunua dola 20,000, nauli ya meli dola 3,000, bima dola 200. Thamani ya forodha ni dola 23,200, kwa sababu ushuru unahesabiwa pamoja na nauli na bima. Kwa kiwango cha asilimia 25, ushuru ni dola 5,800. VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya jumla, yaani dola 29,000, nayo ni dola 5,220. Tayari ni dola 11,020, na hapo sijaweka tozo ya reli wala ada nyingine, ambazo nazo huingia kwenye hesabu ya VAT. Piga hesabu hiyo kabla ya kumtumia muuzaji hela, maana baada ya hapo haikusaidii.

Kuna wauzaji watakaokuambia, kwa wema kabisa, "nikuandikie ankara ya bei ndogo?" Kataa. Sisi tunalinganisha na bei za mizigo iliyopita, na tunaweza kudai ushahidi wa malipo ya benki. Tamko la uongo ni kosa la jinai: kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000.

Na usidhani wakala ndiye atakayebeba. Sheria hiyo hiyo inasema mwenye mzigo anawajibika kwa matendo na matamko ya wakala aliyemruhusu. Leseni ya wakala wa forodha inakwisha kila Desemba 31, kwa hiyo ya mwaka jana iliyotundikwa ukutani ni pambo. Vishoka wa mtaani hawana hata pambo hilo. Kodi lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotoka kwenye mfumo. Anayetaka umtumie kwenye simu yake "akulipie" ana safari zake.

Lawama nyingi zinazotufikia ni za gharama zisizo zetu. Kontena likishashuka, mita mbili zinakimbia kwa pamoja: ya mahali lilipohifadhiwa, bandarini au bandari kavu, na ya kampuni ya meli inayodai kontena lake. Siku za bure za kila mmoja ziko kwenye mkataba na viwango vyao, uliza kabla. Upande wetu, kadhia isipowasilishwa ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha, mzigo unaweza kupelekwa ghala la forodha. Ukikaa humo siku 30 bila kutolewa, tangazo la siku 30 nyingine linaweza kutolewa, kisha mnada.

Vibali sitavimaliza hapa. Dawa na vifaa tiba ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba; chakula na vipodozi ni TBS, shirika la viwango; kemikali ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Bidhaa nyingi pia zinatakiwa kukaguliwa ubora huko huko zinakotoka, kwa utaratibu wa TBS, na cheti hicho hakipatikani tena kontena likishafungwa na kuondoka.

Lori likishafika dukani, zimebaki kazi mbili. Kontena tupu lirudishwe na dereva alete karatasi ya makabidhiano, la sivyo ile mita ya kampuni ya meli haijazimwa. Halafu ile bahasha ya kaki usiitupe: ndani ya miaka mitano tangu mzigo uingie, ofisa wa forodha anaweza kubisha hodi dukani na kuomba kuiona.