Je, wajua kwa nini mwendawazimu tunayemjua ni yule wa steji tu?

Simama steji ya Kondele, mjini Kisumu, saa kumi na moja jioni, matatu zikigombania abiria, uwaulize makanga kama wanamjua mwendawazimu yeyote. Watakuonyesha yule wa magunia, anayejibizana na mtu asiyeonekana. Labda watakutajia na mwingine wa soko la Kibuye. Jumla wawili, au watatu.

Sasa tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mtu 1 kati ya kila watu 300 na kitu duniani ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti wasizosikia wenzake, au aamini kabisa kwamba majirani wanamwinda. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,155,574 Kaunti ya Kisumu. Kwa kiwango hicho, wagonjwa wangepita 3,000. Wako wapi?

Baadhi wamefungiwa chumba cha nyuma kwa sababu familia inaona aibu. Hilo lipo, tusilifunike. Lakini huenda mwingine ndiye aliyekuuzia omena asubuhi. Shirika hilohilo linasema angalau 1 kati ya 3 hupona kabisa, na wapo wengine wanaotulia kwa dawa. Aliyetulia hana alama usoni. Naye hatakwambia, akwambie ili iweje? Ikijulikana, mwenye nyumba atakumbuka ghafla kwamba chumba kilikuwa na mtu, na wakwe wataanza kuuliza kama kitu hicho kiko kwenye damu. Basi ananyamaza, nasi tunabaki na yule wa magunia.

Lugha nayo ina mkono wake. Wazimu na mzimu ni maneno ya ukoo mmoja, kwa hiyo ukisema mtu ana wazimu umeshataja chanzo kabla daktari hajaulizwa. Isitoshe, ugonjwa huu hupenda kuanza mwishoni mwa ujana au miaka ya ishirini na kitu, wakati uleule kijana amemaliza kidato cha nne au ameingia chuo na kijiji kizima kilimchangia karo. Nani asingesema karogwa na wenye wivu? Miezi inakatika kwa mganga na kwenye maombi ya kukesha.

Tena watu huwaogopa wakidhani watapigwa, kumbe wengi wao hawamgusi mtu. Mara nyingi ni wao wanaopigwa mawe na watoto wakitoka shule.

Linaloniudhi zaidi ni mikono inayotetemeka. Dawa kama haloperidoli na kloropromazini, ambazo zimetumika tangu miaka ya 1950, huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hizo sauti. Shida ni kwamba ubongo hutumia dopamini hiyohiyo kuongoza misuli. Ndipo unamwona mgonjwa anatembea amekakamaa, vidole vinacheza, mate yanamtoka, na jirani anasema, "Huyu amezidiwa." Hajazidiwa. Hiyo ni dawa, wala si ugonjwa, na daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kumwongezea tembe ya kutuliza huko kutetemeka. Lakini mtu akichekwa kila akishika kikombe cha chai, ipo siku ataacha dawa kimyakimya. Sauti zinarudi, na steji inapata mwendawazimu mwingine wa kuonyeshwa wageni.

Kwa anayechoka kumeza tembe kila siku ipo sindano. Huchomwa kwenye msuli, na dawa yake huachiliwa polepole kwa muda wa wiki 3 au 4 hivi. Ndiyo maana muuza nyanya anaweza kufunga kibanda asubuhi moja tu kwa mwezi, akawaambia wenzake anakwenda hospitali kumwona mgonjwa, na kufikia saa sita amerudi anapanga mafungu yake. Mgonjwa mwenyewe ni yeye.